Kubadilisha injini ya Datsun 240Z: L28, RB25 au V8?

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina Datsun 240Z ya 1972 yenye usukani wa kulia. Bodi nimeshaitengeneza, kutu imekatwa na mabati mapya yamechomelewa. Tatizo ni injini yake ya asili, L24, inakula oili na kutoa moshi wa bluu. Nataka gari la kutembelea mwisho wa wiki na kwenda safari ndefu, na mara mojamoja nilipeleke uwanja wa mbio. Nawaza nguvu za farasi kama 250 hivi. Marafiki wamenichanganya: mmoja anasema nitafute L28, mwingine RB25 ya Nissan yenye turbo, wa tatu anasema V8 ya LS1 ya Chevrolet ndiyo mwisho wa ubishi, na yupo anayeshikilia 2JZ ya Toyota. Wewe ungefunga ipi? Na hii ya zamani niiuze?

Jibu: Salama kabisa, ndugu yangu, na hongera kwa kuanza na bodi. Wengi huanza na injini, halafu wanagundua kwamba sakafu imeoza wakati injini mpya imeshakaa mahali pake.

Jibu fupi ni hili: ningefunga L28, na hizo farasi 250 ningezishusha ziwe karibu 200. Ukiona 250 ni lazima, kuna L28 yenye turbo ya kiwandani, ambayo nashangaa hakuna rafiki yako hata mmoja aliyeitaja, na baada ya hiyo ndiyo RB25. LS1 ni injini bora kuliko mashabiki wa Datsun wanavyopenda kukiri, lakini si kwa gari lako. 2JZ ningeiacha. Sasa nikupe sababu, maana hizo zitakufaa hata ukiamua kunikatalia.

Kwanza hakikisha hiyo L24 imekufa kweli. Moshi wa bluu hauna chanzo kimoja. Ukitoka kidogo asubuhi unapowasha kisha ukakata, au ukitoka pale unapokanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima mrefu mguu ukiwa umeachia pedali, wa kushukiwa kwanza ni sili za valvu. Hivyo ni vipira vidogo tu, na kwenye injini hii fundi makini anaweza kuvibadilisha bila kushusha hedi: anaingiza hewa ya kompresa kwenye silinda kupitia tundu la plagi ili valvu zisidondoke, anabana springi, anatoa sili ya zamani na kuweka mpya. Lakini moshi ukitoka muda wote injini inapobeba mzigo, hasa ukipanda mlima, basi ringi zimechoka au silinda zimelika. Pima kompresheni ya silinda zote sita injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa na pedali imekanyagwa hadi mwisho. Andika namba. Kisha mimina oili kijiko kimoja kwenye kila silinda na upime tena. Namba zikipanda sana, ni ringi. Zisipopanda, tatizo liko juu, kwenye valvu au gasketi ya hedi.

Huenda ukagundua kwamba kinachohitajika ni sili kumi na mbili na siku moja ya kazi. Hata kama bado unataka nguvu zaidi, utakuwa na gari linalotembea wakati unakusanya vifaa vya injini nyingine. Miradi mingi ya kubadilisha injini hufia njiani kwa sababu gari lilivuliwa injini kabla ya vifaa kukamilika, likakaa juu ya stendi, pesa ikaenda kwingine.

Sasa hizo farasi. L24 ni injini ya silinda sita kwa mstari, cc 2,393, na karatasi za wakati ule ziliandika farasi 151. Namba hiyo ilitokana na kipimo cha zamani cha Kimarekani: injini imefungwa kwenye meza ya majaribio bila feni, bila kisafisha hewa, na ekzosi imeachwa huru. Watengenezaji wa huko walipohamia kipimo cha injini iliyovaa vifaa vyake vyote, kuanzia magari ya 1972, namba zilishuka hata pale injini ilipokuwa haijaguswa. Kwa kipimo cha leo L24 yako ilipokuwa mpya ilikuwa kwenye farasi 130 hivi. Na gari hili lilishinda Safari Rally mwaka 1971, likarudia 1973, kwa sababu ni jepesi, kilo elfu moja na ushei, na halisumbui mahali ambapo magari yenye nguvu zaidi yanakatika. Kwa hiyo unapofikiria farasi 200 za kweli, usizione ndogo. Ni nyongeza ya zaidi ya nusu ya zile ulizoanza nazo, kwenye gari ambalo mtu mmoja akishuka unahisi tofauti.

Tuje kwenye L28. Hii ni ndugu wa tumbo moja na injini yako. Ilikuja na 280Z ya 1975, toleo la baadaye la gari lako, na kuendelea kwenye 280ZX hadi 1983. Pistoni ni milimita 86 badala ya 83, mwendo wa pistoni ni milimita 79 badala ya 73.7, na jumla inakuwa cc 2,753. Kwa nje ni bloku ya ukoo uleule: maunti (vishikio vya injini) zilezile, giaboksi yako inakubali, na kabureta zako mbili zinakaa. Kama injini imetoka kwenye gari lisilo la ukoo wa Z, hamisha sampu (bakuli la oili chini ya injini) na bomba la kufyonzea oili kutoka kwenye L24 yako. Angalia pia matundu ya ekzosi kwenye hedi, maana baadhi ni ya mraba na baadhi ni ya duara, na manifoldi na gasketi lazima zilingane nayo.

Ila L28 ina mtego wake, nao ni uwiano wa kompresheni, yaani kiasi ambacho hewa na mafuta vinabanwa kabla ya kuwaka. Watu huchukua bloku ya F54, ile ya miaka ya mwisho yenye pistoni bapa, wakaifunga hedi ya E31 ya 240Z za mwanzo kwa sababu ni ya asili na ina jina. Hedi hiyo ina chumba kidogo cha kuchomea mafuta. Ukiiweka juu ya pistoni bapa, kompresheni inavuka 10 kwa 1, na kwa petroli ya kawaida injini inaanza kugonga, yaani mafuta yanajilipukia kabla ya wakati wake. Kugonga huko ndiko kunakotoboa pistoni. Gari la 1972 kwa kawaida lina hedi ya E88, nayo ilitolewa na vyumba vya ujazo tofauti kadiri miaka ilivyokwenda, kwa hiyo usiamini namba iliyochongwa pembeni peke yake. Mwambie fundi apime chumba kwa oili na kioo chenye tundu, apige hesabu na pistoni mlizo nazo. Mimi kwa safari ndefu ningekaa kati ya 9 na 9.5. Farasi tano unazozipata juu ya hapo hazilipi wasiwasi wa kutafuta petroli nzuri kila unaposimama.

Ukiwa na kompresheni hiyo, kamshafti (shafti inayofungua valvu) ya wastani, hedi iliyosafishwa njia zake na manifoldi ya ekzosi yenye mabomba marefu, uko kwenye njia ya farasi 200. Kinachobaki ni kabureta. Zile mbili za asili zikiwa zimefunguliwa na kuwekwa bushi mpya ni nzuri kuliko sifa zake, zinatulia barabarani na mtu mmoja anaweza kuzilinganisha kwa kusikiliza tu. Zile tatu pacha za Weber au Mikuni zinaleta nguvu ya juu na sauti ambayo sitajifanya siipendi. Lakini zinakunywa, na zinahitaji mtu anayejua kuchagua jeti. Kama karibu yako hakuna mtu huyo, utakuwa na gari linalotoa harufu ya petroli na kusitasita kila unapotoka kwenye taa. Kwa farasi 200, hata hivyo, nadhani utaishia kwenye hizo tatu, kwa hiyo mtafute huyo mtu kwanza.

Ongeza distribyuta ya elektroniki ya 280ZX. Inaingia kwenye injini hii bila kuchonga chochote, na utaachana na pointi za zamani za kuwasha cheche. Giaboksi ya gia tano ya ukoo uleule nayo inaingia bila ugomvi. Kwa safari zako ndefu hiyo gia ya tano utaifurahia kuliko farasi yoyote uliyoiongeza.

Utasikia pia habari za lita 3.1. Hiyo ni bloku ya L28 iliyopanuliwa hadi milimita 89, ikawekewa kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) ya LD28, injini ya dizeli ya Nissan, ambayo mwendo wake ni milimita 83. Hesabu inatoka cc 3,098. Ni injini tamu sana, ila kranki hizo zimekuwa adimu, na kuta za silinda kwa upanuzi huo zinabaki nyembamba kiasi kwamba bloku lazima ipimwe kwa mawimbi ya sauti kabla ya kuguswa. Kama kranki haijakuangukia mkononi, usiianze.

Turbo sasa. L28ET ilikuwa kwenye 280ZX Turbo ya 1981 hadi 1983: farasi 180, turbo ndogo ya Garrett, kompresheni 7.4 kwa 1, na bila intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo). Hiyo kompresheni ya chini, ambayo bila turbo ingekuwa udhaifu, ndiyo inayokupa nafasi. Weka intakula, ondoa kompyuta ya zamani uweke ya kisasa inayoweza kupangwa, ongeza presha kidogo, na farasi 250 zinapatikana bila kufungua tumbo la injini. Bado maunti ni zilezile na giaboksi inakubali. Ubaya wake ni kwamba injini zenyewe ni chache na za zamani, na nyingi zilizobaki zimeteswa. Ukiipata nzima, usiilalie.

Kuna jambo jingine hapa ambalo wengi wanaolishauri gari hili hawaligusi, kwa sababu magari yao yana usukani wa kushoto. Injini zote za ukoo wa L zina kabureta na ekzosi upande mmoja, upande wa kushoto wa gari. Shafti yako ya usukani iko kulia. Maana yake joto lote, mabomba yote, na hata turbo ya L28ET, viko mbali na usukani wako. Kwa mwenye usukani wa kushoto huo ni msongamano, ndiyo maana akibadilisha injini huwa anapumua. Kwako ni kinyume. Soma kila maelezo ya kufunga RB, 2JZ au V8 ukijua hilo.

RB25DET ilikuja kwenye Skyline R33 mwaka 1993. Ni silinda sita kwa mstari, cc 2,498, kamshafti mbili, valvu 24, na kiwandani iliandikiwa farasi 250, yaani namba yako hasa. Bloku ni ya chuma na inavumilia zaidi ya hapo. Giaboksi yake ni imara. Chumba cha injini cha 240Z kilijengwa kwa ajili ya silinda sita ndefu, kwa hiyo RB inakaa humo kama mwenyeji, na maunti za kuifunga zinatengenezwa tayari. Nikiwa na gari la usukani wa kushoto na mfuko mpana, ningeifikiria kwa uzito.

Lakini turbo ya RB iko upande wa kulia. Bomba linaloshuka kutoka kwenye turbo linapita palepale inapopita shafti ya usukani. Inawezekana, watu wameshafanya, kwa kuhamisha maungio ya shafti, kutengeneza bomba la kujipinda na kuweka ngao ya joto. Ni kazi ya fundi wa kuchomelea anayejua kwamba akikosea hapo anacheza na usukani wa mtu. Pia sampu lazima ipishane na krosimemba (boriti inayokatiza chini ya injini), propela shafti itengenezwe upya kwa urefu mpya na ipimwe mizani, na klachi ibadilishwe. Na usikubali mtu akuuzie RB26 ya Skyline GT-R ukidhani ni njia ya mkato. Gari lile ni la kuvuta magurudumu manne, difu ya mbele imeshikana na sampu, kwa hiyo utaanza kwa kutafuta sampu nyingine.

Ukinunua RB25 iliyotumika, badilisha mkanda wa taimingi, bearingi yake na pampu ya maji injini ikiwa bado iko nje. Injini za L zina mnyororo na zinasamehe uzembe. RB ikikatika mkanda, pistoni na valvu vinakutana. Turbo yake ya kiwandani ina gurudumu la seramiki upande wa ekzosi, na ukiisukuma presha zaidi ya iliyokusudiwa huwa linapasuka. Koili za plagi nazo, kwa umri, hupasuka nyufa na kuifanya injini ikohoe ukikanyaga. Hayo hayatoshi kuikataa, mradi uyaingize kwenye hesabu kabla ya kununua.

LS1. Hapa nitawaudhi watu. Hii V8 ya lita 5.7 iliyokuja na Corvette ya 1997, farasi 345, ni chaguo la akili zaidi kuliko linavyosikika. Bloku ni ya aluminiamu, kwa hiyo uzito wake hauko mbali na ule wa sita ya chuma inayoondoka. Ni fupi, inakaa nyuma kuelekea dashibodi, na gari linabaki na mizani nzuri. Kamshafti ni moja, ndani ya bloku, inayosukuma valvu kwa fito, na hilo linaifanya iwe ndogo kwa umbo ukilinganisha na V8 za kamshafti nne. Kwenye safari ndefu inatembea kwa mizunguko midogo bila kujitahidi. Vipuri vyake ni vingi.

Kwa nini basi siifungi kwako? V8 ina ekzosi pande zote mbili, na ule upande wa kulia unakutana na shafti ya usukani kuliko hata RB, kwa sababu bomba linatoka chini kabisa. La pili ni nguvu ya kuvuta. LS1 inatoa niutonimita 475 hivi, zaidi ya mara mbili ya L24. Kila kitu nyuma yake, kuanzia giaboksi hadi kwenye magurudumu, kilitengenezwa kwa nusu ya hapo. Na la tatu ni ladha yangu tu, huna lazima ya kuikubali: 240Z ni gari la kukanyaga hadi mwisho kwenye gia ya tatu na kusikia sita zikiimba. Ukiwa na LS1 humalizi hata gia ya pili kwenye barabara ya watu.

2JZ-GTE ya Supra ni cc 2,997, ya chuma, ndefu kwa kimo na nzito. Sifa yake ni kubeba nguvu nyingi mno bila kufunguliwa. Wewe unataka 250. Utalipia jina, utaongeza uzito juu ya magurudumu ya mbele, utapambana na boneti, na turbo iko kulia vilevile. Mwambie rafiki yako nimemsikia. SR20 ya Nissan ni nyepesi na nzuri, lakini ni silinda nne, na hujaniambia umechoka na sauti ya sita. Mota ya umeme ya Nissan Leaf za mwanzo, kilowati 80, inaingia vizuri tu, ila betri zake peke yake zinakaribia kilo 300, na safari ndefu ulizozitaja zitakuwa fupi.

Sasa sehemu ninayotaka uisome mara mbili. Wanaouliza habari za injini huniuliza habari za injini tu, na mara nyingi injini ndiyo kitu rahisi kupatikana katika orodha nzima. Nyuma yake kuna gari.

Difu ya 240Z inaitwa R180, na namba hiyo ni kipenyo cha krauni, gia kubwa iliyo ndani yake, kwa milimita. Kwa farasi 200 zisizo na turbo inatosha, ukiwa huchezi mchezo wa kuachia klachi kwa nguvu. Ukipita hapo, tafuta R200 ya 280Z, ambayo inafunga kwa kubadilisha ule mhimili wa nyuma unaoibeba na vitu vichache. Wengine huchukua R180 ya Subaru WRX STI kwa sababu inakuja na kizuizi cha gurudumu moja kuzunguka peke yake, kisha wanaiwekea vipande vya kuiunganisha na shafti za Datsun. Shafti zenyewe za pembeni zina maungio ya krosi, na yakiwa yamelika utasikia mlio kila unapokanyaga na kuachia. Vishina vya gurudumu vya nyuma vya 240Z vina meno 25, vya 280Z vina 27 na ni imara zaidi. Ukienda RB au LS, hivyo vya zamani usiviamini.

Breki za mbele ni diski nyembamba isiyo na matundu ya hewa, nyuma ni dramu. Zilitosha gari la farasi 130. Kabla hujaongeza nguvu ya aina yoyote, hata L28, weka kalipa za pistoni nne za mbele kutoka Toyota Hilux za magurudumu manne za mwanzo wa miaka ya 1980, maana aina yake inafunga kwenye gari hili kwa marekebisho madogo, kisha badilisha mipira yote ya breki. Kwa uwanja wa mbio ongeza oili ya breki inayostahimili joto. Mimi huwa sifungi injini ya mteja kabla breki hazijakamilika, na wapo walioondoka kwa hasira kwa sababu hiyo.

Mafuta. Kabureta zinahitaji presha ndogo sana, haifiki hata nusu baa. Injini yenye injekta inataka kama baa 3. Kwa hiyo RB, LS au L28ET ina maana ya pampu mpya, bomba jipya linalostahimili presha, bomba la kurudisha mafuta, na tangi dogo la akiba ili pampu isifyonze hewa unapokata kona tangi likiwa robo. Mabomba ya zamani ya chuma chini ya gari, hata yakionekana mazima, yasitumike kwa presha hiyo.

Umeme ndio unaowachosha watu. Kwenye 240Z karibu umeme wote wa gari hupita kwenye amita iliyo kwenye dashibodi, pamoja na vijisanduku vya fyuzi vya zaidi ya miaka hamsini. Ukiweka alteneta kubwa, feni za umeme na pampu ya mafuta, unapitisha mzigo huo wote nyuma ya goti lako. Badilisha njia kuu, weka relei, achana na amita na uweke kipima volti. Hata geji ya mizunguko itakusumbua: ya asili inahesabu mkondo unaopita kwenye koili moja, na ukiweka injini yenye koili sita haitajua isome nini. Kwa L28 yenye koili moja tatizo hilo ni dogo au halipo kabisa.

Radieta ya asili iliyosafishwa inaweza kuitosha L28 iliyotulia. Nyingine zote zinataka radieta kubwa ya aluminiamu na feni zenye ngao inayofunika radieta yote. Bodi nayo, kwa kuwa umeikarabati, muulize aliyechomelea kama reli zilizo chini ya sakafu ni mpya au zimefunikwa tu. Gari hili halina chasi ya peke yake, hizo reli ndizo chasi. Kwa turbo au V8 ziongezewe unene kabla ya kupaka rangi ya chini.

Ukijumlisha hayo utaona kwa nini L28 inashinda. Ubora wake kama injini ni wa kawaida tu. Inashinda kwa sababu inaacha karibu kila kitu mahali pake, na fedha uliyookoa kwenye mabomba, shafti na waya inaenda kwenye breki na matairi, ambako utaihisi kila kona. Ikitokea baada ya muda ukasema haitoshi, breki, difu na radieta ulizoweka zinabaki, na hapo turbo inaingia juu ya gari lililo tayari.

Kwa mpangilio wa kazi: breki na difu kwanza, ukiendelea kutumia L24. Wakati huo tafuta L28, ifungue, ipime, ijenge juu ya meza bila haraka. Usinunue injini iliyotumika kwa kusikia ikiwashwa kwenye video. Geuza kranki kwa mkono, tazama ndani ya silinda kwa kamera ndogo, fungua kifuniko cha juu uone kama kamshafti imekwanguka, tazama oili kama ina rangi ya maziwa. Kabla ya kuifunga, uliza mamlaka ya usajili na kampuni yako ya bima wanataka nini unapobadilisha namba ya injini, na ufanye hivyo kwa maandishi.

Na L24 usiiuze. Gari lenye injini iliyozaliwa nayo lina thamani tofauti sokoni, hata kama injini hiyo iko kwenye kona ya karakana. Ukiitoa, mimina oili kidogo kwenye kila silinda, zungusha kranki mara kadhaa, rudisha plagi, ziba matundu ya kabureta na ekzosi kwa vibati, mwaga maji yote yaliyobaki kwenye bloku, na uiweke juu ya ubao, isikae sakafuni. Piga picha namba yake kabla hujaifunika, uiweke pamoja na karatasi za gari.